Majani Mekundu ya Milima ya Irangi

Ukiingia saluni au duka la steshenari hapa Dodoma, tazama kalenda iliyotundikwa ukutani. Ukurasa wa Oktoba mara nyingi una mlima wa ugenini uliojaa majani mekundu na ya njano, ziwa chini yake, pengine na daraja la mbao. Ni New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, au ni Japani. Wengi wetu tumekua tukizitazama picha hizo, na bila mtu kutuambia tukashika kwamba rangi za namna ile ni za nchi za baridi, na kwamba sisi fungu letu ni kijani wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi.

Ndiyo maana nataka kueleza kwa nini mimi na mume wangu, majuma yaleyale ambayo wapiga picha wa huko wanapanda milima yao, tunapakia kamera kwenye gari na kushika barabara ya Kondoa, kuelekea milima ya Irangi.

Tulihamia Dodoma wizara zilipoanza kuja kwa mkupuo, kuanzia mwishoni mwa 2016. Mji ulitangazwa makao makuu tangu 1973, lakini sisi wa Dar es Salaam tuliuchukulia kama mahali pa basi kusimama abiria wale, kisha safari iendelee. Mume wangu ni mhasibu serikalini. Barua ilipotoka tukafunga mizigo, na watu wakatuaga kwa kutupa pole. Mtakula vumbi, walisema. Vumbi lipo, sikatai. Mvua ya hapa kwa mwaka haifiki milimita 600, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Septemba upepo unavuma kutwa, mibuyu imebaki matawi matupu, na ukianua nguo kambani unazikung'uta kwanza.

Aliyegundua ni mume wangu. Alikuwa akirudi kutoka Babati kikazi, akapita Bereko jioni, akasimamisha gari kando ya barabara na kunipigia simu.

"Mama, hii milima imeiva."

"Imeiva nini?"

"Sijui nikwambie nini. Jumamosi tuje, ujionee."

Barabara ya Dodoma hadi Babati ni lami mwanzo hadi mwisho tangu 2018, kama kilomita 250. Wenyeji wanakumbuka ilivyokuwa zamani, mchanga na mashimo, safari ya kuondoka alfajiri na kufika usiku. Siku hizi unakunywa chai Dodoma na saa nne uko Kondoa. Kipande cha mwanzo, kupita Msalato na Mayamaya hadi Chemba, hakina rangi nyingi za kuonyesha. Ni tambarare ya migunga na vichaka vya miiba, mibuyu imesimama mmojammoja, magunia ya mkaa yamepangwa kando ya lami, na mama mmoja hapa, mwingine pale, anauza asali kwenye chupa za maji zilizotumika. Asali hiyo ikumbuke, nitairudia. Baada ya mji wa Kondoa, ukishauacha mto na mchanga wake mpana, ardhi inaanza kuinuka. Unapita Kolo, barabara inajikunja, unapanda kuelekea Bereko. Na hapo ndipo unapoiona.

Mteremko mzima hauna kijani. Una shaba, una udhurungi unaoelekea dhahabu, una waridi, na katikati ya hayo yote kuna miti imekolea rangi ile wenye maduka ya vitambaa wanayoiita damu ya mzee. Kila mti una rangi yake na hatua yake. Mmoja umewaka kote, wa jirani bado uko mtupu, wa tatu umeshaanza kugeuka kijani kibichi. Ukitazama kutoka upande wa pili wa bonde, macho hayajui yatulie wapi.

Hii ni miyombo. Ndugu zake ni wengi, wa jamii ya Brachystegia na Julbernardia, na misitu yao inaanzia kwetu inapita Zambia, Malawi, Msumbiji na Kongo, inafika Angola. Tabora ndiko inakojulikana zaidi nchini, lakini huko ni tambarare, unatembea ndani ya msitu bila kuuona umbo lake. Huku Irangi msitu umepanda mlimani, kwa hiyo unaonekana wote kwa mara moja. Kwa mpiga picha hiyo ni tofauti kubwa sana.

Mume wangu ni mtu wa picha pana. Anasimamisha stendi ya kamera, anatafuta mlima ulipo na anga lilipo, anasubiri. Mimi nina lenzi ya karibu. Siku ile ya kwanza alipokuwa anahangaika na bonde, mimi nilishika kitawi kimoja cha myombo kilichoinama hadi usawa wa kifua changu. Sikukichuma. Kwenye ncha tumba lilikuwa limepasuka muda si mrefu, na vigamba vyake vya kahawia vilikuwa bado vimeshikilia. Jani changa lilikuwa limening'inia kutoka pale, vijani vyake vimekunjwa jozi kwa jozi vikielekea chini, laini kama sikio la mwanambuzi, rangi nyekundu iliyoiva na inayong'aa. Jani lililolitangulia lilikuwa limeshafunguka na kugeuka shaba. Lililo nyuma yake tena lilikuwa la waridi hafifu, na kwenye mshipa wa katikati kijani kilikuwa kimeanza kupita. Kitawi chenyewe hakikuzidi urefu wa shibiri, na msimu wote ulikuwa umejipanga juu yake.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba tunachokitazama ni kinyume kabisa cha ile milima ya kwenye kalenda.

Kule kaskazini rangi zile ni za kuaga. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti unaacha kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani inayolipikia jani chakula kwa mwanga wa jua. Kijani kikiondoka, njano iliyokuwemo ndani muda wote inaonekana, na miti mingine, kama ile ya huko inayoitwa maple, inatengeneza wekundu mpya siku za mwisho kabla jani halijaanguka. Wekundu huo unaitwa anthosianini. Myombo nao unatengeneza anthosianini hiyohiyo, ila unaiweka kwenye jani linalozaliwa. Jani ni jororo, umbijani wake bado haujakomaa, na jua la Oktoba ni kali. Wekundu unalikinga lisiungue mpaka litakapoweza kujitegemea. Wapo wataalamu wanaoona pia kwamba wadudu hawavutiwi na jani la rangi hiyo. Baada ya wiki chache kinga haihitajiki tena, rangi inafifia, kijani kinachukua nafasi.

Na tazama wakati wenyewe. Mvua hakuna. Visima vimeshuka, nyasi zimekauka hadi mizizi, ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta maji, na joto ndiyo kwanza linapanda kuelekea kilele chake cha mwaka. Mtu mwenye akili zake angesema subiri mvua. Miyombo haisubiri. Mizizi yake imezama chini ambako unyevu wa masika yaliyopita bado upo, na kwenye shina ina akiba, kwa hiyo inatoa majani mapya wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Mvua inapofika, inaukuta mti uko tayari kazini. Mimi kila nikisimama chini ya miti hiyo nikiwa na koo kavu na midomo imepasuka, nikaliona jani limetoka linang'aa kwenye ukame ule, moyo wangu unajaa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Sasa niseme kuhusu mwanga, maana wengi wananiuliza mbona picha zao za Kondoa zinatoka zimepauka.

Kondoa iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, siku za mwanzo za Oktoba jua la adhuhuri linasimama juu ya utosi kabisa. Ukisimama wima, kivuli chako unakikanyaga. Mpiga picha wa Vermont, nyuzi 44 kaskazini ya ikweta, Oktoba yake jua linapita chini upande mmoja wa anga, na mwanga wa pembeni anaweza kuutumia karibu kutwa nzima. Sisi tunao kidogo sana. Jua linachomoza saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, linapanda wima, na kufikia saa mbili na nusu rangi zote zimeshakuwa bapa. Jioni unapata kipande kingine kuanzia saa kumi na moja hadi linapozama. Kwa hiyo lala Kondoa mjini au Kolo, amka alfajiri na mapema, uwe umeshafika mahali pako giza likiwa bado lipo. Faida ya pili ya alfajiri ni kwamba upepo haujaamka. Majani machanga ni mepesi, pumzi kidogo tu inayapeperusha, na picha ya karibu inaharibika.

Usilipige jani jua likiwa mgongoni mwako. Zunguka, lije kati yako na jua, mwanga upite ndani yake. Ukilitazama kwa upande linapoangukiwa na jua, jani changa la myombo ni la kahawia tu linalometameta. Mwanga ukipita ndani yake ndipo linapotoa wekundu wake wote, na mishipa inaonekana mmojammoja. Kwa picha pana weka filta ya polaraiza ipunguze ule mng'ao wa juu ya majani. La mwisho, iondoe kamera kwenye mpangilio wa kujichagulia rangi yenyewe. Ikiona fremu nzima ina wekundu, inadhani kuna kasoro na kuipoza. Unarudi nyumbani na mlima wa kijivu. Weka mpangilio wa jua la mchana, uache hapo.

Adhuhuri hatupigi picha. Tunatafuta kivuli cha jiwe, tunakula chapati na karanga, tunalala kidogo. Lakini msitu wenyewe haulali. Saa saba au nane, joto likikolea, maganda makavu ya mwaka uliopita yanaanza kupasuka. Ganda la myombo ni gumu, bapa, na upande mmoja unavutana na mwingine kadiri linavyokauka, mpaka linaachia kwa ghafla, linajisokota na kurusha mbegu mbali na mti. Sauti yake ni kali. Pa! Kisha kimya, kisha pa! ng'ambo ya korongo. Mara ya kwanza mume wangu aliinuka akidhani kuna mtu anavunja kuni.

Ni katika mapumziko ya namna hiyo tulipokutana na mzee mmoja wa Kirangi, amebeba kamba na panga, anakagua mizinga yake. Alitoa salamu, "Asalamu alaykum," tukaitikia na kumwamkia shikamoo. Akakaa. Akaitazama kamera, akatutazama sisi.

"Mnapiga picha haya majani?"

"Ndiyo, baba. Ni mazuri mno."

"Ni mazuri. Na maua yake mmeyapiga?"

Tukatazamana. Akavuta tawi, akatuonyesha. Katikati ya majani yale ya shaba kulikuwa na vishada vidogo vya maua ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na kijani, hayana petali za kuonekana, ni nyuzi nyuzi tu. Ukiyasogelea yananukia utamu. Nyuki walikuwa wamejaa. Mzee alieleza kwamba majani yakiwaka hivi yeye anajua nyuki wanarudi mizingani, na kwamba ile asali tunayoiona barabarani sehemu kubwa inaanzia kwenye maua haya ambayo hakuna anayeyatazama. Mume wangu akamuuliza kama mlima ukiwa mwekundu mtu aanze kupanda. Mzee akatikisa kichwa. "Hapana mwanangu. Hapo unasafisha shamba. Kupanda mpaka mvua ijieleze." Alipoondoka nilibadilisha lenzi, na picha za maua yale ndizo ninazozipenda kuliko zote nilizowahi kupiga huko.

Ukiwa Kolo usipite bila kupanda kwenye michoro ya miambani. Pana ofisi hapo barabarani. Unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kukuongoza. Michoro hii iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na miamba yenye michoro katika eneo hilo inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey alikuja hapa mwaka 1951 akainakili mingi kwa mkono. Utaona twiga, swala, tembo, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, wengi wao kwa rangi nyekundu iliyotokana na udongo wa madini ya chuma. Asubuhi moja ya Oktoba nilisimama kwenye mwamba wa Mungomi, mbele yangu wekundu wa mikono ya watu wa kale, na nikigeuka nyuma, bonde lote la miyombo limewaka. Waliochora waliishi kwenye milima hii misimu yote, nami naamini kabisa waliijua Oktoba hii. Mpaka leo wapo wanaokwenda Mungomi kufanya tambiko, likiwemo la kuomba mvua. Kama wapo siku hiyo, weka kamera chini. Na michoro isiguswe wala isimwagiwe maji eti ionekane vizuri, maji yanaila.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni mwenye kamera hatalijua asipoambiwa. Milima hii karibu ipotee. Ukitazama kwa makini chini ya misitu utaona makorongo makubwa mekundu, mengine yanameza nyumba. Miaka ya nyuma miti ilikatwa, mifugo ikazidi, mvua za Desemba zikabeba udongo wote kwenda mabondeni. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu huku anauita HADO. Matuta na miti havikutosha. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote. Kwa watu wa hapa ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni mahari, ni benki. Familia zilipeleka mifugo kwa ndugu wa mbali au zikauza. Wazee wakilisimulia hilo, sauti zao bado zina maumivu, na wana haki. Lakini nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na visiki vya miyombo vilivyokuwa vimebaki ardhini vikachipua tena, maana myombo ukikatwa mzizi wake haufi upesi. Sehemu ya mteremko ninaoupiga picha ni watoto wa visiki vile. Ninapoonyesha picha hizi nyumbani, hilo nalitaja kwanza kabla ya kutaja lenzi.

Ndiyo maana magunia yale ya mkaa barabarani yananiuma. Dodoma inakua kwa kasi, na sisi tuliohamia ni sehemu ya sababu. Jiko letu nalo lilikuwa la mkaa mpaka tulipohamia gesi. Simlaumu anayechoma, ana watoto wa kulisha. Namwomba anayenunua afikirie mara mbili kama ana njia nyingine. Na moto wa kiangazi ndiyo adui mwingine. Ukiwashwa mwezi wa tisa, nyasi zikiwa kavu na majani machanga yametoka, unababua kila kitu hadi juu. Tumeshafika kwenye kilima tulichokipanga tukakuta majani yote yamekuwa vipande vya kahawia vilivyokunjamana, na mizinga imeungua. Moto wa mapema, mwezi wa sita nyasi zikiwa bado na unyevu, hauna madhara makubwa hivyo, na vijiji vinavyojipangia utaratibu huo unaviona tofauti ukisimama mlimani.

Kwa anayetaka kwenda: anza kufuatilia kuanzia wiki ya pili ya Septemba. Muulize dereva wa basi la Babati, yeye anapita kila siku, atakwambia milima ya Bereko imefikia wapi. Miaka mingine inawahi, mingine inachelewa, na upande unaotazama jua la asubuhi si lazima uende sawa na ule mwingine. Kufikia katikati ya Novemba nyingi imeshageuka kijani. Ukifika kijijini, pitia ofisi ya kijiji ujitambulishe, na kama unataka kuingia kwenye hifadhi za msitu kama Salanga au Isabe, uliza kwanza utaratibu kwa watu wa misitu Kondoa. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, viatu vya kufunika vidole. Jioni Kondoa mjini utapata ugali wa mtama na mlenda, agiza, usiogope.

Mwaka huu mume wangu anataka tuanzie Salanga, apate ukingo wote wa mlima jua likichomoza. Mimi nataka turudi kwenye ile mizinga nipige maua yakiwa yamefunguka vizuri, na nimpelekee mzee picha zake zilizochapishwa. Bado tunabishana nani aanze. Ila likizo tumeshaomba, na gari liko gereji linabadilishiwa matairi.